Hesabu ya wasichana wa udaktari na kimya cha wavulana

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanapotoka na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi, ikamaliza kupanga vyuo, Lamu huingia katika msimu wa barua. Wazazi hupeleka maombi ya basari kwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, kwa ofisi ya NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kwa tajiri wa mtaa na kwa kamati ya msikiti. Miaka ya karibuni kati ya barua hizo zimo za wasichana waliopata nafasi ya udaktari, uuguzi, famasia na maabara, na majina yao si mageni tena kama zamani. Wengi wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini umezuka pia mjadala ambao kwa maoni yangu umekwenda kombo. Wasichana hawa wakiulizwa wanatarajia kukutana na nini kazini, hutaja vikwazo tele: ndoa, watoto, zamu za usiku, kupangiwa mbali na kwao, wakubwa wasiojua mipaka, wagonjwa wasioamini kwamba aliyesimama mbele yao ndiye daktari. Wavulana wa darasa hilohilo hutaja ada na ajira, basi. Kutokana na tofauti hiyo watu wametoa hukumu mbili. Wapole wanasema wasichana wetu hawajiamini, watafutiwe wa kuwapa moyo. Wakali wanasema kama wameanza kulalamika hata kazini hawajafika, basari wapewe wavulana.

Hukumu zote mbili zimeanzia pabaya. Zinachukulia kuwa jibu la mvulana ndilo la kawaida, na jibu la msichana ndilo linalohitaji kuelezwa. Mimi naona kinyume chake. Msichana anayetaja vikwazo ameisoma kazi ya udaktari jinsi ilivyopangwa, akaisoma sawasawa. Kinachopaswa kutushangaza ni kimya cha mvulana, kwa sababu kazi ni ileile, zamu ni zilezile, na watoto watakaozaliwa watakuwa wake pia. Kimya hicho kina maana: anajua, pengine bila hata kufikiri, kwamba yuko mtu atakayembebea. Tukilikosea hili tutaendelea kuwatibu wasichana maradhi wasiyokuwa nayo, na kaunti inayohitaji madaktari wanawake kuliko nyingi nchini itazidi kuwapoteza.

Tofauti hii haikuzaliwa Lamu. Tafiti za Ulaya, Marekani na Asia zimekuwa zikirudia jambo lilelile kwa miaka mingi: wanafunzi wa kike wa udaktari hutarajia mgongano wa kazi na familia kuliko wenzao wa kiume, huchagua tawi la ubingwa kwa kuangalia saa za kazi, na hutarajia kubaguliwa zaidi. Inatokea hata mahali ambapo wasichana ndio wengi darasani. Marekani, kwa mfano, wanawake walizidi nusu ya wanaoanza masomo ya udaktari mwaka 2017, na miaka miwili baadaye wakawa wengi katika wanafunzi wote wa udaktari nchini humo, lakini hofu zao hazikuyeyuka kwa kuwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani, huku wakishika takriban asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Mwaka 2022 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yakaonyesha kuwa katika sekta hiyohiyo wanawake hulipwa pungufu ya wanaume kwa karibu asilimia 24. Msichana wa mwaka wa nne anayesema anatarajia kupandishwa cheo polepole hajajitungia jambo. Ameeleza lilivyo.

Tuiandike basi hesabu yenyewe, maana wengi wanaoizungumzia hawajawahi kuiandika. Msichana wa Langoni anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18. Shahada ya udaktari ni miaka sita, na mgomo wa wahadhiri ukiingia inazidi. Ana miaka 24 au 25. Hapo anasubiri kupangiwa kituo cha mwaka wa uanagenzi, yaani kazi ya mafunzo hospitalini kabla ya kusajiliwa, na kusubiri huko kumekuwa kidonda cha taifa: mgomo wa madaktari wa 2024, ulioanza Machi na kudumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na wanagenzi kucheleweshewa vituo na serikali kutaka kuwalipa shilingi 70,000 badala ya 206,000 na ushei zilizokuwa katika mkataba wa 2017. Akimaliza uanagenzi ana miaka 26 au 27. Akibahatika kuajiriwa na kaunti, atahudumu miaka kadhaa ndipo aruhusiwe kwenda kusomea ubingwa, na ubingwa ni miaka minne au mitano, tena si Lamu, ni Nairobi au Eldoret. Anatoka daktari bingwa akiwa na miaka 33, 34, au 35. Sasa iweke kando yake kalenda ya pili, ile ya mwili na ya ukoo. Hapa kwetu msichana akifika miaka 25 bila kuolewa, mashangazi wameshaanza kuuliza. Akipata mimba wakati wa uanagenzi, sheria inampa likizo ya miezi mitatu, lakini idara aliyoikosa ataifidia kabla ya kusajiliwa. Akipata mimba akisomea ubingwa, mtihani unasogea mwaka, na wakati mwingine ufadhili una tarehe ya mwisho isiyosogea. Kalenda hizi mbili zimelaliana tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna namna ya kuzipanga zisigongane. Msichana mwenye akili ya kupata A katika kemia hawezi kukosa kuliona hilo.

Mvulana wa Mkomani aliyeketi naye dawati moja ana kalenda hizohizo mbili, ila kwake hazigongani. Anaweza kuoa akiwa na miaka 27, akapata watoto watatu, na akatoka daktari bingwa siku ileile ambayo angetoka kama hangeoa kabisa. Si kwamba watoto wake hawaugui usiku. Wanaugua, na kuna mtu anayeamka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo, na wengi hawazichukui zote, kwa sababu bosi hucheka na wenzake humtazama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa mzigo umekuwa mwepesi kiasi kwamba mwenyewe hajui kama upo. Ndiyo sababu fomu ya utafiti inapomuuliza mvulana kama anatarajia familia kumzuia kazini, anajibu hapana kwa moyo safi. Hasemi uongo. Swali halijawahi kuulizwa nyumbani kwao.

Niliwahi kuketi barazani na wanafunzi wachache wa udaktari waliokuja kwa likizo. Msichana mmoja wa mwaka wa tano alisema kwamba katika idara zote alizopita, aliyoipenda ni upasuaji. Mkono wake hautetemeki na mwalimu wake amemsifu mbele ya wenziwe. Lakini alipotaja tawi analokusudia kulisomea, alitaja ngozi. Nilipomuuliza sababu, alinihesabia zamu kwa vidole: usiku ngapi kwa wiki, saa ngapi mfululizo, nani atakuwa nyumbani. Alijua hata kodi ya chumba cha kulea mtoto karibu na hospitali kuu ya mafunzo jijini, maana binamu yake amewahi kuilipa. Mvulana aliyekaa pembeni yake, naye akitaka upasuaji, aliulizwa swali hilohilo. Alifikiri kidogo, akasema mke wake atakaa na mamake Lamu. Hakuwa na ubaya wowote, na wala msichana hakukasirika. Wote wawili walisema kweli. Ila mmoja alikuwa amekwisha kulibadilisha tawi lake kwa kuifuata kweli hiyo, na mwingine hakuhitaji kubadilisha chochote.

Wanaosema tatizo ni kutojiamini wana sehemu ya haki, nami sitaki kuipuuza. Iko mifano mingi ya wanafunzi wa kike wanaojipima chini kuliko alama zao zinavyoonyesha, na wa kiume wanaojipima juu. Msichana aliyelelewa asikatize maneno ya wakubwa atapata tabu siku ya kwanza ya mzunguko wa wodini, ambapo daktari mkuu huuliza maswali kwa kasi na aliye mwepesi wa kujibu ndiye anayeonekana. Kumpa mtu wa kumwongoza, hasa daktari mwanamke aliyepitia njia hiyo, kutamsaidia sana, na wachache tulio nao wa Lamu na Malindi wanafanya kazi hiyo bila malipo. Lakini tazama msichana yule wa ngozi. Ujasiri anao, mkono anao, sifa anazo. Semina ya kujiamini itamwongezea nini? Itampa moyo wa kuingia katika mfumo ambao haujabadilika, na akishindwa katikati watu watasema hakuwa na moyo wa kutosha. Kumwambia mtu ajiamini mahali ambapo hesabu haitoshi ni kumtwisha lawama mapema.

Kuna vikwazo viwili katika orodha ya wasichana ambavyo havihusiani na ndoa, na kwa sababu watu wanaona haya kuvisema, vinaachwa. Cha kwanza ni wakubwa. Mwanafunzi wa udaktari hupimwa kitandani kwa mgonjwa, na anayempima ni mtu mmoja au wawili wenye uwezo wa kumfaulisha au kumrudisha mwaka. Mtu huyo akivuka mipaka, mwanafunzi anajua akisema atakutana naye tena katika mtihani. Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 ina kifungu mahususi kuhusu wanaotumia mamlaka yao vibaya, na Sheria ya Ajira inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Kinachokosekana ni mlango wa kupelekea malalamiko usiofunguliwa na mlalamikiwa mwenyewe au rafiki yake. Cha pili kinaonekana kidogo, kumbe kinachosha kila siku. Daktari kijana wa kike anamhoji mzee kwa dakika 20, anampima presha, anamsikiliza mapafu, anamwandikia dawa na kumweleza maradhi yake. Mzee anamshukuru, anamwombea dua, kisha anauliza: “Sista, daktari atakuja saa ngapi?” Nyuma yake amesimama mwanafunzi wa kiume wa mwaka wa tatu, na mzee anamtazama huyo. Likitokea mara moja ni jambo la kusamehe. Likitokea kila asubuhi kwa miaka kumi linapunguza nguvu za mtu, na pia linapunguza usikivu wa mgonjwa kwa maagizo aliyopewa.

Hoja yenye uzito zaidi upande wa pili ni ile inayosema tuvute subira. Wasichana wameongezeka darasani, kwa hiyo baada ya miaka 20 watakuwa wakuu wa idara na mambo yatajinyoosha yenyewe. Ningependa iwe hivyo. Katika uuguzi wanawake wamekuwa wengi kwa zaidi ya karne nzima, na bado asilimia 25 ile ya uongozi ndiyo tuliyonayo. Idadi inaingia mlangoni, lakini ngazi ina vidato vyake, na vidato hivyo vimepimwa kwa mguu wa mtu ambaye nyumbani kwake kuna mwingine anayepika. Pakistani ni somo la karibu kwetu kwa dini na mila: vyuo vya udaktari vimejaa wasichana kwa miaka mingi, lakini kundi kubwa la waliohitimu haliko hospitalini. Wengine waliolewa kwa heshima ya shahada yao, kisha shahada ikatundikwa ukutani. Idadi peke yake haikuwatosha wao, na sioni kwa nini itutoshe sisi.

Hapo ndipo wakali huingia na hoja yao, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kama wengi wataacha, nafasi na basari ni hasara kwao. Hoja hii imewahi kujaribiwa hadi mwisho wake. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba Chuo Kikuu cha Udaktari cha Tokyo, nchini Japani, kilikuwa kikipunguza kwa siri alama za wasichana katika mtihani wa kuingia, ili wasiwe wengi, kwa madai kwamba wakizaa wataacha kazi. Chuo kiliomba radhi, na katika mtihani uliofuata, alama zilipoachwa zilivyo, wasichana walifaulu kwa kiwango karibu sawa na wavulana. Wakubwa wa chuo kile hawakuwa na upungufu wa takwimu. Kosa lao ni kwamba walijenga kikwazo, wakakiita maumbile, kisha wakamwadhibu msichana kwa kukiona. Sisi hatupunguzi alama. Tunapunguza basari, tunachelewesha sahihi, tunamwambia baba mtu afikirie ualimu.

Na tukitaka kweli kuhesabu hasara, tuhesabu zote. Madaktari wanaume nao huondoka. Wanaondoka kaunti kwenda Mombasa na Nairobi, wanaacha hospitali ya umma mchana kwa ajili ya kliniki binafsi, wanakwenda Uingereza na nchi za Ghuba, wengine wanaingia siasa na hawashiki tena kifaa cha kusikilizia mapafu. Mwanamume akienda Uingereza, mtaa mzima unasema mtoto wetu amefanikiwa, na mamake anapokea pongezi hadi sokoni. Hakuna anayesimama kamatini na kusema wavulana wasipewe basari kwa sababu wanahama. Daktari mwanamke aliyepumzika miaka mitatu kulea, akarudi kuhudumia Lamu kwa miaka 25, ameiachia Lamu nini ukilinganisha na yule aliyeondoka moja kwa moja? Kipimo kikiwa kimoja kwa wote, hoja ya hasara haisimami.

Liko neno la heshima na dini, na halifai kupuuzwa, kwa kuwa wazazi wengi wa Lamu wanaolitaja wanalitaja kwa nia njema. Wanahofia binti kulala wodini na wanaume wasio maharimu zake, kusafiri peke yake, kukaa Nairobi miaka mitano. Lakini wazazi haohao, mke wa mwana wao akishikwa na uchungu, swali la kwanza wanalouliza pale hospitali ya King Fahd ni kama yupo daktari mwanamke. Nimeona mume akimrudisha mkewe nyumbani kwa sababu aliyekuwepo zamu alikuwa mwanamume. Haiwezekani kudai daktari mwanamke kwa mke wako na kumzuia bintiyo asiwe huyo daktari. Yule unayemdai ni binti wa mtu, alilala wodini, alisafiri, na babake alikubali. Katika historia ya Uislamu wenyewe, Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake Madina la kutibia majeruhi, na Mtume aliamuru Saad bin Muadh apelekwe humo. Mzazi mwenye hofu ana haki ya kudai bweni salama, usafiri wa heshima na zamu zilizopangwa kwa utaratibu. Madai hayo ayapeleke kwa mwajiri na chuo, asiyamalize kwa kumnyima binti ruhusa.

Wavulana nao wana mzigo wao. Mtoto wa kiume wa kwanza katika nyumba ya mvuvi wa Kizingitini akipata udaktari, wadogo zake wote wanamtazama. Mshahara wa kwanza una wenyewe kabla haujaingia benki. Kwa sababu hiyo wengi wao huacha ndoto ya ubingwa, wakakimbilia vibarua vya zamu katika hospitali binafsi, na ndiyo maana wakiulizwa hutaja pesa. Hicho ni kikwazo cha jinsia pia, ingawa hatujazoea kukiita hivyo: tumemwambia mvulana kazi yake ni kuleta, tukamwambia msichana kazi yake ni kukaa. Mwanamume anayetaka kukaa na mtoto wake mchanga anapata dhihaka ileile anayoipata mwanamke anayetaka kwenda. Kwa hiyo sitetei wasichana dhidi ya wavulana. Mfumo uliopangwa kwa mtu asiye na mtoto wala mzazi mgonjwa unamuumiza kila mmoja, ila unamuumiza mmoja mapema na waziwazi zaidi.

Kwa Lamu jambo hili lina uzito kuliko kaunti za bara, na sababu yake ni bahari. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920, waliotawanyika visiwani na bara. Mjamzito wa Pate au Ndau akipata tatizo usiku, safari yake inategemea boti, mafuta, upepo na maji kama yamejaa au yamekupwa. Kwa upande wa Kiunga, barabara imewahi kutegwa mabomu, na baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliishi kwa kafyu ya usiku. Katika mazingira hayo daktari anayekaa Faza ni bora kuliko mabingwa watatu walioko Mombasa. Kitaifa, sensa hiyohiyo ilikadiria vifo 355 vya wajawazito na wazazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na sehemu ya vifo hivyo ni ya waliochelewa kwenda hospitali. Kuchelewa kuna sababu nyingi, lakini hapa petu mojawapo ni kusitiri: mama anangoja, mama mkwe anangoja, mume anangoja, kwa matumaini kwamba mkunga atamaliza nyumbani pasiwe na haja ya kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Tena ubora wa matibabu wenyewe unahusika. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliochunguza zaidi ya visa milioni moja na nusu vya wazee kulazwa hospitalini, uliona waliotibiwa na madaktari wanawake walifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotibiwa na wanaume. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwa idadi ile ya watu ni maisha mengi.

Sasa tazama mkwamo uliopo. Tawi ambalo Lamu ingependa kuona mwanamke kuliko jingine lolote ni uzazi na magonjwa ya wanawake. Na hilo ni miongoni mwa matawi yenye usiku mzito, kwa sababu watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Kwa hiyo msichana wetu anapopiga hesabu na kuchagua ngozi au macho, anaikimbia kazi ileile tunayomwombea aifanye. Hakuna wa kumlaumu hapo isipokuwa aliyezipanga zamu zile kana kwamba zimeteremshwa. Zamu hupangwa na watu. Zinaweza kugawanywa kwa madaktari wengi zaidi, na tangu 2013, ugatuzi ulipoanza, anayeajiri madaktari hao ni kaunti yenyewe.

Ndiyo maana naona kamati ya afya ya Bunge la Kaunti ya Lamu na Bodi ya Utumishi wa Umma zina kazi mahususi kabla ya bajeti ijayo, na hakuna kati ya kazi hizo inayongoja Nairobi. Ufadhili wa kusomea ubingwa uandikwe kwamba likizo ya uzazi inasimamisha saa, mkataba usogee bila adhabu. Nyumba za madaktari Faza na Mpeketoni ziwe na uzio, maji na chumba cha mlezi, kwa maana daktari mwenye mtoto mchanga hawezi kuishi katika chumba kimoja karibu na jenereta. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Tuone ni hospitali ngapi za Lamu zina chumba hicho, na ufunguo wake uko kwa nani. Madaktari walio mume na mke wapangiwe kituo kimoja kwa kanuni iliyoandikwa, isiwe hisani ya ofisa. Wiki mbili za baba ziwekwe kwenye ratiba ya zamu kama zinavyowekwa siku za mama, ili mwanamume asihitaji ujasiri kuziomba. Na kamati za basari zinazomuuliza msichana, “Ukiolewa itakuwaje?” zimuulize mvulana swali hilohilo, kwa maneno hayohayo, na zimsubiri ajibu.